Ngitili Isiyojua Kwato

Mwagimbi, kupitia Mhunze
14 Julai 1996

Kwako mwanangu Athanas, mwenye kiti cha kuzunguka huko Dar es Salaam,

Pokea salamu za baba yako, mzima kama jiwe, meno yote mdomoni isipokuwa mawili niliyoyaacha kwenye ngoma. Barua hii naandika mwenyewe. Mtendaji alitaka kuniandikia nikamfukuza. Mimi nilihitimu kisomo cha watu wazima mwaka 1974, wa kwanza kati ya wanaume, na mwalimu alisema herufi zangu zimesimama kama askari. Wenzangu herufi zao zimelala mpaka leo.

Habari kubwa. Juzi walikuja wageni kwa magari mawili meupe. Mzungu mwanamke, na bwana wa mkoani, na bwana wa wilayani, na nyuma yao mtendaji wetu anakimbia kwa miguu. Mzungu akauliza ngitili ni kitu gani. Nikamwambia: mama, ni malisho unayoyafunga mvua ikinyesha, unayazungushia ua wa minyaa, nyasi zinakua na miti inarudi, mpaka kiangazi kikishakausha mbuga yote ndipo unafungulia ng'ombe. Akaandika. Akauliza: na hii yako, mzee, huwa unaifungua lini?

Hapo, mwanangu, watu walikuwa wamejaa. Na Mihayo alikuwepo, yule manju anayeongoza ngoma ya Bagika, wapinzani wetu Bagalu, ninayemshinda kila mwaka tangu hujazaliwa. Amekaa mbele kabisa na fimbo yake, anacheka. Ana kangitili kake kadogo kama leso, anakafungua Agosti kwa njaa. Ulitaka nifanye nini? Nilisimama. Nikapiga mguu chini kama niko uwanjani, nikajibu kimanju:

"Ngitili ya Bujiku haijui kwato! Tangu niifunge haijaingia ng'ombe, haijaingia ndama, hata mbuzi akipita hapo anatembea kwa vidole! Ng'ombe wa wengine wanakula nyasi, wangu wanashiba kwa kuzitazama!"

Watu wakapiga vigelegele, Mihayo akainama. Kila mtu wa huku anajua: manju akisema mia, chukua kumi. Mzungu yeye hakupiga kigelegele. Aliandika. Halafu akanipiga picha nimesimama kwenye minyaa.

Nakujulisha ili ukisikia jina langu huko usishangae.

Ni mimi baba yako,
Bujiku Ngassa, Manju wa Bagalu


Dar es Salaam
2 Septemba 1996

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Barua yako niliikuta mezani imewekwa juu ya ripoti yenyewe. Uko ukurasa wa kumi na tisa, na picha.

Nikueleze kwa kifupi. Mataifa yamekubaliana kwamba moshi wa viwanda na magari unaipasha dunia joto na mvua zinapotea njia. Nchi yetu nayo imeridhia mkataba huo mwaka huu. Miti na nyasi zinaumeza ule moshi na kuutunza ardhini. Sasa wizara inatakiwa iwaonyeshe wakubwa wa nje mahali ambapo wananchi wenyewe, bila kulazimishwa, wamefunga ardhi isiguswe. Tumetafuta nchi nzima. Tumepata ukurasa wa kumi na tisa.

Waraka utatoka hapa kwenda mkoani. Mkoa utaagiza wilaya, wilaya itatunga sheria ndogo, kata itaisimamia. Waraka utasema hivi: ngitili zote za tarafa zitunzwe kwa kufuata desturi za wenyeji, kama zilivyoelezwa na Mzee Bujiku Ngassa. Sentensi hiyo nimeiandika mimi.

Baba, mimi nimechunga ndani ya ngitili hiyo kila Septemba mpaka nilipokwenda sekondari. Kovu la pembe ninalo pajani. Lakini habari za Septemba tusiziandike tena, wala usizitamke mbele ya wageni. Mwaka huu mvua ilikuwa nzuri na mbuga bado ina nyasi, kwa hiyo vumilia usifungue. Mkuu wangu, ambaye kwa miaka minne alikuwa akiniita "wewe", jana aliniita Athanas.

Mwanao,
Athanas


Mwagimbi
26 Januari 1997

Kwako Athanas,

Marahaba. Sheria yako imefika. Imeshuka ngazi zote hizo ikafika hapa imechoka, lakini mimi nimeinyanyua.

Ilisomwa mbele ya wanakijiji wote na sungusungu wakiwa na pinde zao. Mtu akiingiza mifugo ndani ya ngitili yoyote, mwezi wowote, anatozwa ng'ombe mmoja, ng'ombe huyo anachinjwa hapo hapo, wanakula walinzi. Mimi nimefanywa Mwenyekiti wa Mazingira. Nimepewa kofia ya kijani na filimbi. Mihayo naye ameambiwa afunge kale kaleso kake. Alipofungua mdomo nikapiga filimbi. Akafunga.

Sasa nimeelewa hii kazi. Wazungu wanachoma, moshi wao unatafuta pa kulala, unakuja kulala kwangu. Ekari themanini za moshi wa Ulaya! Ni mtu gani mwingine wa Shinyanga anayemlaza mgeni wa namna hiyo? Juzi nilisimama getini nikanusa. Nikasikia harufu ya viwanda kabisa.

Jambo moja dogo. Mvua ya Novemba haikuja. Ya Januari ilichungulia, ikarudi. Mtama umekauka ukiwa kimo cha goti. Lakini usiogope, ng'ombe wangu sitini wote wako imara.

Bujiku Ngassa,
Mwenyekiti


Maganzo
20 Juni 1997

Baba,

Shikamoo. Ni mimi binti yako, Mama Juliana. Huku hatujambo, ila ng'ombe hawajambo kwa jina tu. Mbuga kuanzia hapa mpaka Mwadui imekuwa ya rangi ya gunia. Wenye nguvu wamekwenda kuchekecha mchanga wa almasi, lakini mume wangu Magesa anasema hawezi kuacha ng'ombe ishirini na wawili wakafa akiwa anatafuta jiwe la ukubwa wa punje ya mtama.

Kwa hiyo tumekubaliana. Magesa anawaleta kwako kwa miguu, polepole. Wakifika watakuwa wamechoka. Atakaa nao pembeni ya ngitili mpaka utakapofungua Septemba, kama ilivyo siku zote kwetu, ng'ombe wa binti wakiingia baada ya wako. Ukiweza kufungua mapema, hata wiki mbili mapema, nitashukuru. Kati yao yumo yule mtamba mwekundu mwenye paji jeupe, uliyenipa siku naondoka nyumbani. Ana mimba.

Juliana anauliza kama bado unaimba.

Binti yako,
Eufrasia


Mwagimbi
15 Julai 1997

Kwako Eufrasia, Mama Juliana,

Marahaba. Mwambie Juliana babu yake akiimba hapa, kuku wa Mhunze wanaamka.

Mumeo amefika. Nimempokea kwa heshima, amekula. Ng'ombe wako wamelala nje ya minyaa, upande wa magharibi, ambako upepo unawaletea harufu ya majani. Nyasi zangu zimefika kiunoni mwa mtu mzima, zimekauka vizuri, za rangi ya mkate. Nilimpeleka Magesa akazione. Nikamwambia, tazama shemeji wa Athanas, tazama kazi ya mwanamume. Alitazama mpaka machozi yakamtoka.

Lakini habari ya kufungua, mwanangu, hakuna. Hivi hujui mimi ni nani sasa? Mimi si Bujiku wa kijiji. Mimi nipo kwenye kitabu kinachosomwa Ulaya, ukurasa wa kumi na tisa, na chini yake imeandikwa kwamba ngitili hii haijapata kukanyagwa. Mkoa umefunga tarafa nzima kwa neno langu. Halafu nifungue mimi? Kwa ng'ombe wa mkwe?

Mwambie mumeo awakatie majani ya miti ya njiani. Ng'ombe hodari halali njaa kwa sababu ya nyasi tu.

Baba yako,
Bujiku Ngassa, Mwenyekiti


Maganzo
12 Agosti 1997

Baba,

Shikamoo. Siku nne nimezunguka ofisi kwa ajili yako na yangu, naomba unisome mpaka mwisho.

Nilianza kwa mtendaji wenu. Akasema, "Mama Juliana, mimi napiga muhuri tu. Sheria ni ya wilaya." Katibu tarafa akasema naye anangoja wilaya. Wilayani nikamkuta bwana mifugo. Ana macho ya mtu asiyelala. Akanionyesha karatasi ya ng'ombe waliokwisha kufa, akaigeuza, na nyuma pia imejaa. Akasema, "Sisi tumetekeleza waraka wa mkoa, mama. Tukiugeuza tunafukuzwa kazi." Nikamuuliza, na nyasi zilizomo humo ndani ni za nani? Akasema, "Kwa sasa ni za mkataba."

Nikaenda kwa Liaquat, yule wa mjini anayetuuzia mashudu. Mashudu hana, yamekwisha tangu Juni. Akaniruhusu kupiga simu wizarani kwa Athanas. Athanas akapokea.

"Dada, niko kikaoni."

"Kikao cha nini?"

"Cha ukame. Piga kesho."

Kesho yake nikapiga, nikaambiwa amesafiri. Liaquat akasema, "Mama, leseni yangu nayo ilizunguka hivyo hivyo miaka miwili. Tofauti ni kwamba mimi silishi ng'ombe karatasi."

Mwisho nikaingia mkoani. Nilimkuta mama mmoja, Bibi Philomena, ndiye mwenye faili. Baba, ni mtu mwema. Alinipa kiti. Akafungua kile kitabu, akaniwekea kidole kwenye picha yako. Akasema, "Waraka unasema tufuate desturi za wenyeji. Desturi iliyoandikwa ndiyo hii, na aliyeisema ndiye huyu. Baba yako akiniletea mstari mmoja tu, kwamba desturi ni kufungua Septemba, tarafa nzima naifungua mimi wiki hiyo hiyo. Dar es Salaam sitaiuliza."

Mstari mmoja, Baba. Mwandikie Bibi Philomena, mkoani, moja kwa moja. Usimpitishie mtu mwingine. Wewe na mimi na kijiji kizima tunajua Septemba ilikuwaje. Nilikuwa nakuletea uji getini, ng'ombe wakiwa ndani ya nyasi mpaka mgongoni.

Wanasema ng'ombe wangu wanane hawasimami tena.

Eufrasia


Mwagimbi
30 Agosti 1997

Kwako Eufrasia,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Sasa na wewe unisome.

Unataka mimi nimwandikie mwanamke wa mkoani kwamba Bujiku Ngassa ni mwongo? Kwa mkono wangu huu, kwa herufi hizi zilizosimama? Unajua barua hiyo ikisomwa kitatokea nini? Mihayo ataitungia wimbo kabla wino haujakauka. Ataimba mpaka Kharumwa. Watoto wa watoto wako wataucheza. Miaka arobaini nimemshinda yule mtu, na wewe unataka nimpe ushindi kwa ajili ya nyasi.

Tena nikupe habari. Jumanne mumeo alivunja ua. Alitoboa minyaa mchana kweupe, akaingiza ng'ombe watano. Nilipiga filimbi. Sungusungu walikuja wakamkuta amekaa chini katikati ya nyasi zangu, hakimbii, anawatazama wanavyokula. Nikamuuliza, "Magesa, huogopi sheria?" Akasema, "Baba mkwe, waache wamalize kutafuna, halafu nifanye unavyotaka." Sikuwaacha wamalize.

Faini ilikuwa ng'ombe mmoja. Walinzi walichagua wenyewe aliyebaki na nyama kidogo, yule mwekundu mwenye paji jeupe. Nilikula na mimi, maana mwenyekiti asipokula watasema anapendelea. Ndama wa tumboni alikuwa bado hana manyoya. Nyama ilikuwa ngumu, lakini sheria ni sheria. Watu wote wameona kwamba Bujiku hana mkwe mbele ya kazi. Mgeni wa mradi wa kutunza ngitili aliposikia alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Ngozi nimekuhifadhia.

Ng'ombe wangu mimi hawajambo, wote sitini. Kwa hiyo usiseme ni sheria inayoua. Ni uvivu wa kukata majani.

Baba yako,
Bujiku Ngassa


Kharumwa
9 Oktoba 1997

Baba,

Tulihamia huku Geita tarehe 14 Septemba baada ya ng'ombe wa mwisho kufa. Magesa alisema walikufa wote wakiwa wamegeuza vichwa upande wa minyaa, akawa hawezi kulala, akifumba macho anawaona. Alisema pia kwamba nyuma ya kilima chako aliona mizoga ya ng'ombe wako. Aliihesabu mpaka thelathini na tisa. Hakukwambia kwa sababu ya heshima.

Aliingia kwenye duara, shimo la dhahabu la watu wa hapa, futi sabini kwenda chini, kazi ya mtu asiye na kitu. Hakuijua kazi hiyo. Alikuwa mtu wa ng'ombe.

Alhamisi iliyopita shimo lilimfunika. Walichimba siku moja wakaacha, kwa sababu miti ya kuegemeza ukuta ilikwisha. Yuko huko huko chini.

Nauza mihogo ya kuchemsha kwa wachimbaji. Juliana yuko nami.

Ngozi uuze.

Eufrasia


Mwagimbi
16 Oktoba 1997

Kwako Athanas,

Soma barua hii peke yako, ufunge mlango.

Magesa wa dada yako amekufa huko kwenye mashimo ya dhahabu. Habari ilinifikia nikiwa nimevaa kofia.

Mimi Bujiku Ngassa nasema: maneno niliyomwambia yule Mzungu yalikuwa ya ngomani. Ngitili ninaifungua kila mwaka tarehe za mwanzo za Septemba, na baba yangu alifanya hivyo, na watu wote wa huku wanafanya hivyo. Hiyo ndiyo desturi. Nimeandika mara moja na sitaandika tena, kwa hiyo uitunze karatasi.

Nimebakiwa na ng'ombe kumi na mmoja. Wale wengine niliwasukumia nyuma ya kilima ili wasionekane kutoka barabarani. Hapa kijijini watu wanakaa nje ya ngitili zao wanatazama ndani. Wananiogopa. Zamani walikuwa wananicheka, na kuchekwa kulikuwa kutamu zaidi. Mihayo hana hata mmoja. Jana nilikutana naye kisimani, naye hakuimba.

Dada yako alisema nimpelekee moja kwa moja mama wa mkoani. Nilifika mpaka stendi ya Mhunze na bahasha mkononi. Nikafikiri: barua ikiingia mkoani itashuka wilayani, itashuka tarafani, itashuka katani, na kila inaposhuka kuna mtu wa kuisoma, mpaka imfikie karani anayemjua Mihayo. Wewe uko juu ya wote hao. Toa amri ishuke ifungue, ila jina langu libaki huko huko juu. Wewe ni mwanangu, utajua kulifunika.

Fanya haraka. Kumi na mmoja hawa wanasimama asubuhi kwa kuinuliwa mkia.

Baba yako,
Bujiku


Dar es Salaam
8 Novemba 1997

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na pole sana kwa msiba wa shemeji. Nimemwandikia dada kwa anwani ya Maganzo.

Barua yako ya tarehe 16 imefika salama. Nimeifungia kwenye droo na ufunguo ninao mimi. Naomba unielewe. Desemba kuna mkutano mkubwa Japani, mataifa yote yanakaa kugombana nani apunguze moshi na nani alipwe kwa kuutunza. Picha yako imechapwa, ina ukubwa wa mlango. Tiketi yangu imekatwa. Nikiupeleka ule mstari wako leo, ukurasa wa kumi na tisa unafutika, na pamoja nao mimi, na mkuu wangu, na labda fedha za mradi wote. Watauliza nani aliandika ile sentensi.

Wewe mwenyewe ulitaka jina lako lifunikwe. Nimelifunika.

Halafu nimesikia redioni kwamba mvua zimeanza huko kwa nguvu. Kwa hiyo jambo lenyewe limekwisha bila ugomvi na mtu. Nyasi zitakuwa kila mahali. Nikirudi nitaitoa ile barua na kuipeleka panapohusika, utaratibu uende kwa amani.

Nikuletee nini kutoka Japani?

Mwanao,
Athanas


Ofisi ya Mtendaji wa Kata
29 Desemba 1997

Mzee Bujiku Ngassa,
Mwagimbi.

YAH: KUFUNGULIWA KWA NGITILI

1. Kufuatia barua yako ya tarehe 16 Oktoba 1997, iliyofikishwa mkoani tarehe 22 Desemba 1997, umma unaarifiwa kwamba ngitili zote za tarafa zimefunguliwa kwa malisho kuanzia leo.

2. Mifugo iingizwe kwa zamu ili kuepuka msongamano.

3. Kwa kuwa umekiri kutoa maelezo yasiyo ya kweli, uenyekiti wako umekoma. Rudisha kofia na filimbi.

4. Nakala ya barua yako imebandikwa katika mbao za matangazo za vijiji vyote.

Mtendaji wa Kata


Mwagimbi
4 Januari 1998

Kwako Eufrasia, mwanangu,

Ngitili imefunguliwa. Nimeifungua mimi mwenyewe, nimeng'oa geti na kulitupa. Mvua haikatiki, mbuga yote imekuwa ziwa, majani yamefika kifuani na hakuna wa kuyala. Rudi nyumbani na Juliana. Nitakupa upande wote wa magharibi. Nyumba nitakujengea, mikono hii bado ina nguvu kuliko ya vijana wa siku hizi. Nilipata kukwambia ng'ombe wako walikufa kwa uvivu. Usiyasome tena maneno hayo. Kama barua ile bado unayo, ichome.

Naweza kuja Kharumwa kusimama penye lile shimo, ukiniruhusu.

Baba yako


Mwagimbi
20 Januari 1998

Kwako Athanas,

Picha ya Japani imefika, ule mlango na mimi ndani yake, na wewe pembeni umevaa tai. Nimemwomba mwalimu anisomee maneno ya Kizungu yaliyo chini yake. Amesema: "Mzee huyu hajapata kuingiza ng'ombe katika ardhi yake." Akanitazama. Kwenye ubao wa matangazo nyuma yake barua yangu ya Oktoba inaning'inia imeloa, lakini herufi bado zimesimama, kila mtu anazisoma.

Kofia nimerudisha. Filimbi ilibaki mfukoni, nimeitupa kisimani.

Wale kumi na mmoja walikufa siku ya kwanza ya mvua, wote kumi na mmoja, asubuhi moja. Mifupa mitupu haiwezi baridi. Dada yako nilimwandikia. Kondakta wa basi alimkuta sokoni Kharumwa na sufuria lake, akampa barua mkononi. Alizitazama herufi zangu, akamrudishia. Ninayo hapa, haijafunguliwa.

Mihayo alikuja. Nilijiandaa kwa wimbo. Nilikaa kitini nimenyoosha mgongo, nikamwambia, "Imba, umengoja miaka arobaini." Alikaa chini. Akasema, "Bujiku, ile siku ya wageni nilipiga kigelegele na mimi. Ningenyamaza ungekaa." Kisha akaondoka. Hata wimbo amekataa kunipa.

Sasa sikiliza, ewe mwenye kiti cha kuzunguka. Nimesikia wizara yako inataka kuufuta ukurasa wa kumi na tisa kwa sababu ya barua yangu. Waambie wasiufute. Nimepita jana ngitili nzima, ekari themanini, kwa miguu yangu, kuanzia getini mpaka mtoni. Majani yananifunika kichwa. Hakuna njia ndani yake, hakuna kinyesi, hakuna nzi. Moshi wao umelala humo, umeshiba, hausumbuliwi na mtu. Nikasimama katikati, nikapiga mguu chini, nikasema kwa sauti yangu yote: Ngitili ya Bujiku haijui kwato.

Hapakuwa na wa kupiga kigelegele. Basi uandike wewe. Safari ile nilisema uongo, safari hii ni kweli, na mashahidi ninao, wamelala wote nje ya minyaa.

Bujiku Ngassa